Mwalimu Aliyegeuka Hadhira: Maisha ya Lafcadio Hearn

Katika historia ya fasihi ya ulimwengu wapo waandishi ambao majina yao yamefungamana na nchi wasikozaliwa. Lafcadio Hearn ni mmoja wao. Alizaliwa Ugiriki, akalelewa Ayalandi, akasoma Uingereza, akajifunza uandishi Marekani, na alipofariki mwaka 1904 alizikwa Tokyo akiwa raia wa Japani kwa jina la Koizumi Yakumo. Kilichompa riziki kule Japani ni ualimu wa Kiingereza. Kilichompa sifa ni hadithi za mizimu na viumbe vya ajabu alizozisikia huko na kuziandika kwa Kiingereza. Hata hivyo, baina ya ualimu huo na sifa hiyo alikuwepo mtu mwingine ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jalada la kitabu chochote cha Hearn. Mtu huyo ni Koizumi Setsu, mkewe. Maisha ya Hearn hayaelezeki ipasavyo bila kumtaja, na anayeyafuatilia kwa makini atagundua kwamba Setsu hakuwa msimulizi wa kwanza kumfaa mwandishi huyu, bali alikuwa wa mwisho na aliye bora zaidi.

Utoto wa Kuachwa

Hearn alizaliwa tarehe 27 Juni 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mojawapo ya visiwa vya Bahari ya Ionia ambavyo wakati huo vilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Jina lake la Lafcadio linatokana na kisiwa hicho. Babake, Charles Hearn, alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, mzawa wa Ayalandi. Mamake, Rosa Kassimati, alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Kythira, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, na asiyejua Kiingereza. Mwaka 1852 mama na mtoto walipelekwa Dublin kwa jamaa za baba. Baridi, dini tofauti na lugha asiyoielewa vilimwelemea Rosa. Mnamo 1854 alirejea Ugiriki, akamwacha mwanawe akiwa na umri wa miaka minne. Hawakuonana tena. Baba naye aliibatilisha ndoa hiyo, akaoa mke mwingine mwaka 1857 na kwenda naye India. Alifariki mwaka 1866 kwa malaria, akiwa melini katika Ghuba ya Suez.

Mtoto alibaki mikononi mwa Sarah Brenane, dada ya nyanya yake, mjane aliyekuwa na mali. Alikuwa mtoto mwoga aliyeona mizimu kila penye giza, na dawa aliyopewa ilikuwa kufungiwa chumbani usiku bila taa ili aizoee hali hiyo. Dawa hiyo haikumponya. Woga wa utotoni ulikaa naye maisha yake yote, na kama itakavyobainika, ulikuja kuwa mtaji wake.

Mwaka 1863 alipelekwa katika shule ya Kikatoliki ya Ushaw, karibu na Durham, kaskazini mwa Uingereza. Huko, akiwa na umri wa miaka 16, aliumizwa jicho la kushoto mchezoni na likapofuka. Jicho la kulia lililobaki lilikuwa na uoni hafifu, nalo likachoshwa na kusoma hata likatokeza nje. Tangu siku hiyo hakupenda kupigwa picha ila kwa kuugeuza upande wa kushoto wa uso wake usionekane. Haukupita muda mrefu Bi. Brenane akafilisika, karo ikakosekana, na masomo yakakatika. Mnamo 1869 kijana huyo alitiwa melini kwenda Marekani akiwa na umri wa miaka 19, bila shahada, bila ufundi na karibu bila fedha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; kwa Hearn hapakuwa na mama wa kumfunza, na ulimwengu ulianza kazi yake mapema.

Kalamu na Sikio Marekani

Alifikia Cincinnati, jimbo la Ohio. Alilala katika mazizi na maghala kabla ya Henry Watkin, mpiga chapa Mwingereza, kumpa pa kulala na kazi ndogondogo. Baadaye aliajiriwa na gazeti la Enquirer, na taarifa zake za mwaka 1874 kuhusu mauaji ya kutisha yaliyotokea katika kiwanda cha ngozi zilimtangaza mjini kote. Aliwaandika watu ambao magazeti mengine hayakuwaona: wapagazi weusi wa gatini, waimbaji wa vilabuni, wachimba makaburi.

Ni katika mji huo ndipo alipokutana na Alethea Foley, aliyejulikana kwa jina la Mattie. Mattie alikuwa chotara aliyezaliwa utumwani, na wakati huo alikuwa mpishi katika nyumba ya wapangaji alimoishi Hearn. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na kipawa cha kusimulia, hasa visa vya mizimu aliyodai kuiona tangu utotoni. Walioana mwezi Juni 1874. Sheria ya Ohio ya wakati huo ilikataza ndoa baina ya mzungu na mtu mwenye damu ya Kiafrika, kwa hivyo ndoa hiyo haikutambuliwa, na mwaka uliofuata gazeti la Enquirer lilimfuta Hearn kazi. Alihamia gazeti la Commercial, na humo mwaka 1875 alichapisha masimulizi ya mwanamke mpishi aonaye mizimu. Wasomaji waliyapenda. Jina la Mattie halikuwamo.

Ndoa hiyo ilivunjika, na mwaka 1877 Hearn akahamia New Orleans alikoishi kwa miaka kumi. Huko alikusanya methali za Kikrioli na kuzichapisha mwaka 1885 katika kitabu cha Gombo Zhèbes, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha mapishi ya Wakrioli. Kutoka hapo alikwenda kisiwa cha Martinique katika bahari ya Karibea, akakaa takriban miaka miwili, 1887 hadi 1889, akisikiliza ngano za wabeba mizigo na wanawake wa sokoni. Kwa hiyo, alipofikisha umri wa miaka 39 alikuwa tayari amepata mazoea mahususi. Alikwenda penye watu wanaodharauliwa, akawasikiliza, akayatia maneno yao katika Kiingereza safi, kisha akaondoka. Sifa ilimfuata yeye. Wasimulizi walibaki walikokuwa.

Kufika Matsue

Tarehe 4 Aprili 1890 Hearn aliteremka katika bandari ya Yokohama akiwa ametumwa na kampuni ya uchapishaji ya Harper kuandika makala kuhusu Japani. Alikosana na waajiri wake muda mfupi baadaye kuhusu malipo, akajikuta ugenini bila kazi. Watu wawili walimwokoa. Mmoja alikuwa Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Wa pili alikuwa Hattori Ichizo, afisa wa elimu wa Japani ambaye Hearn alikuwa amekutana naye katika maonyesho makubwa ya New Orleans miaka mitano hivi iliyotangulia. Kwa msaada wao alipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika mji wa Matsue, mkoa wa Shimane, kwa mshahara wa yen 100 kwa mwezi.

Ni muhimu kueleza kwa nini mji mdogo wa pembezoni ulihitaji mwalimu wa aina hiyo. Tangu mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868 serikali ya Japani ilikuwa imeazimia kuyafikia mataifa ya Magharibi kwa viwanda, jeshi na sheria, na ilitambua kwamba ufunguo wa mlango huo ulikuwa lugha za wageni. Iliwaajiri wahandisi, madaktari na walimu kutoka Ulaya na Marekani kwa mishahara iliyozidi sana ile ya wenyeji. Walioajiriwa walitarajiwa kuleta mapya, wala si kuuliza habari za zamani. Hearn hakuwa na shahada wala mafunzo ya ualimu. Aliajiriwa kwa sababu Kiingereza kilikuwa lugha yake na kwa sababu alijua kukiandika.

Aliwasili tarehe 30 Agosti 1890, baada ya safari ya siku kadhaa ya kuvuka milima katika kigari kinachovutwa na mtu. Matsue ulikuwa mji wa ngome ya kale kando ya Ziwa Shinji, mbali na reli na mbali na bandari za wageni. Alikabidhiwa madarasa katika shule ya upili ya mkoa na katika chuo cha ualimu. Katika hati za kazi jina lake liliandikwa kwa silabi za Kijapani likasomeka Herun, na wenyeji wakamwita Herun-san. Hakujaribu kulisahihisha.

Wapo walimu wa lugha za kigeni ambao huingia darasani wakiwa na yakini kwamba mwanafunzi ni chombo kitupu. Hearn alifanya kinyume. Aliwapa wanafunzi wake mitungo ya Kiingereza kuhusu vitu vyao wenyewe, kama vile maua, wadudu, mwezi na mambo wanayoyaogopa, kisha akaenda nyumbani kuisoma mitungo hiyo kama mtu asomaye kitabu cha nchi asiyoijua. Alivumilia makosa ya sarufi kwa sababu alitafuta fikra iliyokuwa nyuma ya sarufi. Aliyemwongoza katika yote hayo alikuwa mwalimu mwenzake, Nishida Sentaro, mtu mgonjwa wa kifua aliyejua Kiingereza vyema na aliyemtafsiria mji mzima. Mwezi Septemba mwaka huo Hearn alizuru hekalu kuu la Izumo, akawa mtu wa kwanza kutoka Magharibi kuruhusiwa kuingia sehemu yake ya ndani.

Baadhi ya wanafunzi hao hawakuishi kumaliza masomo. Mmoja wao, kijana aliyeitwa Yokogi, mtoto wa fundi seremala na mwenye bidii isiyo ya kawaida, aliugua na kulala kitandani. Kabla ya kufa aliomba kuiona shule yake mara moja tena. Mtumishi mzee wa nyumbani kwao akambeba mgongoni usiku wakati wa baridi, akampeleka hadi mbele ya jengo, akalitazama na kurudishwa. Hearn alikiandika kisa hicho bila mapambo. Kijana huyo hakuomba kuona mji mkuu wala nchi za mbali ambazo Kiingereza kingemfungulia. Aliomba kuona dirisha la darasa alimojifunzia. Kwa mwalimu aliyefukuzwa shule na ufukara akiwa kijana, jambo hilo halikuwa dogo.

Waswahili husema ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Hearn aliingia Matsue akiwa tayari na chongo. Alichokivunja humo ni kitu kingine, nacho ni ile imani ya mwalimu mgeni kwamba ni yeye tu aliye na cha kutoa.

Setsu

Kipupwe cha mwaka 1890 kuingia 1891 kilikuwa kikali mno. Hearn, aliyetoka Martinique kwenye jua, aliugua. Ilionekana kwamba hawezi kuendelea kuishi peke yake, na mapema mwaka 1891 aliletewa mwanamke wa kumtunza. Huyo ndiye Koizumi Setsu.

Setsu alizaliwa mwezi Februari 1868, mwaka uleule wa mapinduzi ya Meiji, katika ukoo wa samurai, yaani tabaka la askari waliowatumikia watawala wa kale. Alipokuwa mchanga alipewa ukoo wa Inagaki kumlea. Serikali mpya ilipoyafuta marupurupu ya samurai, familia zote mbili zilianguka katika umaskini. Setsu aliacha shule mapema akawa mfumaji nguo kuanzia umri wa miaka 11 hivi ili kusaidia nyumbani. Alipoolewa mara ya kwanza mumewe aliyakimbia madeni ya familia na hakurudi. Alipofika kwa Hearn alikuwa na umri wa miaka 23 na mzigo wa wazee wa kuwalisha. Hearn alikuwa na miaka 40. Mapatano ya kazi yaligeuka kuwa ndoa, na mwezi Juni 1891 walihamia nyumba ya kisamurai yenye bustani kando ya handaki la ngome.

Hapo pana suala linalostahili kuwashughulisha wanaisimu. Hearn hakujua Kijapani cha kutosha, na hadi kufa kwake hakuweza kusoma kitabu cha lugha hiyo. Setsu hakujua Kiingereza, ingawa alijaribu kujifunza na alikuwa na daftari ambamo aliyaandika maneno ya Kiingereza kwa silabi za Kijapani kama alivyoyasikia. Mwalimu aliyeajiriwa kufundisha Kiingereza hakufanikiwa kumfundisha mkewe. Badala yake waliunda lugha ya nyumbani iliyojengwa kwa maneno ya Kijapani yaliyovuliwa viambishi, vihusishi na minyambuliko ya vitenzi, na kupangwa jinsi Hearn alivyozoea. Jamaa waliiita maneno ya Herun. Ilikuwa aina ya pijini yenye wazungumzaji wawili, na nje ya nyumba ile haikueleweka. Lakini ilitosha kwa mapenzi, kwa ugomvi, kwa malezi ya watoto, na kwa kusimulia hadithi.

Setsu alipenda hadithi tangu utotoni, na wazee wa ukoo wa Inagaki walikuwa wamemshibisha. Hearn alipogundua jambo hilo, nyumba iligeuka kuwa uwanja wa utambaji. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Setsu zilizochapishwa mwaka 1914, alikuwa akipunguza mwanga wa taa usiku ulipotulia kisha akaanza kusimulia. Hearn alisikiliza kwa hofu ya kweli, uso ukimbadilika. Aliuliza sauti ilikuwaje, nyayo zililiaje, usiku ulikuwa wa namna gani. Alimtaka arudie sehemu fulani tena na tena. Zaidi ya yote, alimkataza kusoma kutoka kitabuni. Hata hadithi ilipotoka katika kitabu cha kale, sharti Setsu aisome kwanza peke yake, aimeze, kisha aitoe kwa maneno yake na fikra zake.

Sharti hilo ndilo kiini cha kazi yote ya Hearn. Halikuwa tafsiri ya kitabu kwa kitabu. Maandishi yalirudishwa kwanza katika utendaji wa fanani, mbele ya hadhira ya mtu mmoja, ndipo yakaandikwa upya katika lugha nyingine. Mtoto aliyefungiwa gizani Dublin alikuwa amepata mtu wa kukaa naye gizani na kumsimulia.

Jina na Uraia

Maisha ya Matsue yalidumu kwa miezi 15 tu. Mnamo Novemba 1891, kwa kukimbia baridi na kutafuta kipato cha kuwalisha jamaa za mkewe, Hearn alihamia Kumamoto katika kisiwa cha Kyushu. Alifundisha katika shule kuu ya tano ya serikali, iliyoongozwa na Kano Jigoro, mwasisi wa mchezo wa judo. Mshahara uliongezeka hadi yen 200 lakini furaha ilipungua. Kumamoto ulikuwa mji wa kambi za askari uliokuwa umeteketezwa katika vita vya mwaka 1877, na wanafunzi wake walikuwa wakubwa na wakavu. Ni huko, hata hivyo, ndiko mwanawe wa kwanza, Kazuo, alikozaliwa mwezi Novemba 1893, na ndiko alikokamilisha kitabu chake kikubwa cha kwanza kuhusu Japani, Glimpses of Unfamiliar Japan, kilichotoka mwaka 1894. Mwaka huohuo aliacha ualimu, akaenda Kobe kuandikia gazeti la Kiingereza. Macho yalimlazimu kuiacha kazi hiyo mapema mwaka 1895.

Kuzaliwa kwa Kazuo kulizua swali la kisheria. Lau Setsu angesajiliwa kama mke wa Mwingereza, angepoteza uraia wake wa Kijapani, yeye na watoto wake. Na lau Hearn angekufa bila usajili, mali yake ingeweza kudaiwa na jamaa za Uingereza waliomtupa. Alikuwa amekwisha kuona huko Cincinnati jinsi sheria inavyoweza kuifanya ndoa kuwa si ndoa. Safari hii alichagua kubadilika yeye. Mwezi Februari 1896 aliingizwa katika ukoo wa mkewe na kuwa raia wa Japani. Alichukua jina la ukoo la Koizumi, na jina la pili likawa Yakumo, yaani mawingu ya matabaka mengi, neno la kale linalohusishwa na nchi ya Izumo, ambamo Matsue umo.

Uamuzi huo ulikuwa wa gharama. Mgeni aliajiriwa kwa mshahara wa mgeni. Mwenyeji alilipwa kama mwenyeji. Wazungu wenzake walimwona kama mtu aliyejishusha, na serikali ingeweza wakati wowote kumkumbusha kwamba sasa ni raia kama raia wengine. Hearn alijua hayo, akatia sahihi. Kwa mtu ambaye kila mahali alikuwa amesikiliza kisha akaondoka, hii ilikuwa mara ya kwanza kujifunga asiweze kuondoka.

Chuo Kikuu cha Tokyo

Mwaka huohuo wa 1896 aliitwa kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kwa mshahara wa yen 400. Mtu asiyekuwa na shahada akawa mhadhiri wa chuo kikuu cha kwanza cha nchi. Mtindo wake ulikuwa wa pekee. Aliingia na karatasi chache, akazungumza polepole kwa sentensi fupi zilizonyooka ili wanafunzi waandike kila neno. Aliepuka nadharia nzito. Aliwaeleza ushairi wa Kiingereza kwa kuulinganisha na hisia ambazo tayari walikuwa nazo katika ushairi wao, na akawahimiza wajifunze fasihi ya kigeni kwa lengo la kuitajirisha ya kwao. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Ueda Bin, aliyekuja kuwa mfasiri mashuhuri wa ushairi wa Ulaya. Daftari za wanafunzi hao zilitunzwa vizuri kiasi kwamba baada ya kifo chake mihadhara hiyo ilichapishwa Marekani kuanzia mwaka 1915.

Mapema mwaka 1903 aliarifiwa kwamba mkataba wake ungekoma mwezi Machi. Chuo kilikuwa kimeanza kuwarejesha wasomi wa Kijapani kutoka Ulaya, na hakikutaka tena kulipa mishahara ya aina ile. Wanafunzi walilalamika na kuandaa upinzani, lakini haukufaulu. Mmoja wa waliochukua nafasi yake alikuwa Natsume Soseki, aliyekuwa amerudi kutoka London mwezi Januari, na ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa wa riwaya nchini humo. Tukio hilo lilimuumiza Hearn, lakini halikosi mantiki. Walimu wa kigeni walikuwa wameletwa ili siku moja wasihitajike, na Hearn, aliyewafunza vijana kujiamini katika lugha yao, alikuwa ameiharakisha siku hiyo.

Kwaidan na Mwisho wa Safari

Alirudi nyumbani kwake Okubo, pembeni mwa Tokyo, kwenye meza ndefu ya kuandikia aliyoitengenezesha ili karatasi ikaribie jicho lake moja. Katika kipindi hicho ndipo alipokamilisha Kwaidan, kitabu chenye hadithi 17 na insha tatu kuhusu wadudu, kilichochapishwa mwezi Aprili 1904. Hadithi yake ya kwanza inamhusu Hoichi, malenga kipofu apigaye ala ya nyuzi iitwayo biwa, ambaye huitwa usiku na mizimu ya ukoo wa Heike uliozama baharini katika vita vya mwaka 1185, aitambie habari za maangamizi yao wenyewe. Kasisi humwandika maneno matakatifu mwili mzima ili mizimu isimwone, lakini husahau masikio, nayo masikio yananyofolewa.

Setsu alisimulia baadaye kwamba wakati wa kuiandika hadithi hiyo Hearn alikaa chumbani jua likatua asiwashe taa. Naye Setsu, akiwa chumba cha pili, akamwita kwa jina la Hoichi, na Hearn akaitika kutoka gizani kama kipofu, akiuliza ni nani amwitaye. Huo ulikuwa mchezo wa mume na mke, lakini pia ulikuwa ushahidi wa jinsi kazi ilivyofanywa na watu wawili. Dibaji ya Kwaidan inataja vitabu vya kale, na inamtaja mkulima mmoja aliyeleta kisa cha mwanamke wa theluji. Setsu hatajwi.

Mwaka 1904 Hearn alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Waseda, lakini moyo wake ulikuwa umechoka. Tarehe 26 Septemba 1904 alifariki nyumbani kwa maradhi ya moyo akiwa na umri wa miaka 54, akaacha mjane na watoto wanne. Alifanyiwa mazishi ya Kibudha na kuzikwa katika makaburi ya Zoshigaya, Tokyo. Kule Marekani, Mattie Foley alifika mahakamani mwaka 1906 kudai haki ya mjane, akashindwa kwa sababu sheria haikuwa imewahi kumtambua kuwa mke. Setsu aliishi hadi mwaka 1932, akilindwa na hati ile ya mwaka 1896.

Tamati

Hearn ameshutumiwa na kusifiwa. Chamberlain, rafiki yake wa awali, baadaye alimkosoa kwa kuipenda Japani ya kufikirika kuliko ile iliyokuwepo, na shutuma hiyo ina ukweli. Aliililia Japani ya kale wakati ambapo wanafunzi wake walihitaji kuishi katika ile mpya. Kwa upande mwingine, hadithi alizoandika kwa Kiingereza zilitafsiriwa zikarudi Kijapani, na Wajapani wengi wamezifahamu ngano zao kupitia kwake. Mkurugenzi Kobayashi Masaki alizifanyia filamu mwaka 1964. Nyumba yake ya Matsue imehifadhiwa, na Tramore nchini Ayalandi ilifunguliwa bustani ya kumkumbuka mwaka 2015. Mnamo Septemba 2025 shirika la utangazaji la NHK lilianza kuonyesha tamthilia ya Bakebake ambayo mhusika wake mkuu ameumbwa kutokana na Setsu. Fanani alisubiri zaidi ya miaka mia moja ili awe kitovu cha kisa chake mwenyewe.

Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, ambao hutumwa nyanjani kukusanya ngano kutoka kwa wazee na kurudi na tasnifu zenye jina moja jaladani, maisha haya yana uzito maalumu. Hearn alikuwa msikilizaji hodari kuliko wengi wa zama zake, na hakuna shaka kwamba bila kalamu yake sauti ya Setsu isingevuka ukuta wa nyumba. Lakini ni kweli pia kwamba bila Setsu kalamu hiyo isingekuwa na cha kuandika. Alimpa mkewe uraia wake, jina lake na urithi wake wote. Nafasi kwenye jalada, ambayo isingemgharimu chochote, ndiyo pekee ambayo hakumpa.